Mzee wa madaftari pale Mwembe Tayari: nyota nne, na ile ya tano nitaeleza imeenda wapi

Hii rivyu nimekaa nayo karibu mwezi nikisema kesho, kesho, mpaka juzi jirani akanigongea mlango kuniuliza wapi atapata mtu wa kumsaidia na mambo ya reti za kiwanja (ile tozo ya ardhi ya kila mwaka inayolipwa kaunti) bila kuliwa pesa, nikamuelekeza, akarudi amefurahi, nikaona basi wacha niandike mara moja halafu niwe nawatumia watu tu. Jina la mzee siweki, hakuniruhusu na mimi sikumuomba, na pia hana bango wala kadi. Ana meza moja, viti vitatu (kimoja kina mguu mbovu, usikalie cha upande wa dirisha), kabati la chuma, na mashine ya fotokopi inayonguruma kama tuktuk inapanda mlima. Ni uchochoroni huko nyuma ya Mwembe Tayari, hapa Mombasa, waulize wauza kahawa "yule mzee wa baraza la mji", watakuonesha.

Kazi yake ni makaratasi ya reti. Hauzi viwanja, hatafuti wanunuzi, si wakili. Alikuwa karani enzi za Manispaa, akaingia kaunti 2013 pamoja na wenzake wote waliorithiwa mabaraza yalipovunjwa, akastaafu, sai anasaidia watu kusoma bili zao, kuandika barua, kujaza fomu na kujua waende mlango gani. Mimi nilimlipa 1,500 kwa kazi ya wiki tatu na nilitoka pale na elimu ambayo walahi sijawahi kuipata kwa mtu wa serikali wala kwa wakili.

Lakini ngoja nianze pale nilipoharibikiwa.

Sisi kwetu tuna vitu viwili. Kuna nyumba ya bibi Majengo, ile nyumba ya Kiswahili kabisa, ukumbi katikati vyumba huku na huku. Na kuna kiwanja cha babu Kisauni, kina hati, kina minazi mitatu na ukuta nusu. Mama akasema kabla hajafa (ndivyo anavyoongea, yuko mzima anakula mahamri yake) anataka haya mambo yanyooke. Mimi kwa ujuaji wangu nikaenda kwenye duka moja la huduma za makaratasi mjini, silitaji, kijana ana tai ana kompyuta mbili, akaniambia lete vyote viwili, reti za Majengo ni 9,000 na za Kisauni atanitafutia. Nikatuma ile 9,000 kwa M-Pesa. Nikapewa risiti nzuri ina nembo ina muhuri. Wiki mbili baadaye nikimpigia ananiambia sistim iko chini, wiki ya tatu simu haishikwi, wiki ya nne duka linauza kava za simu.

Ndo rafiki yangu wa kazini akanileta kwa mzee. Nikaingia na mama, mzee akainuka akampa mama kiti kizuri, "karibu bi mkubwa", akaagiza kahawa chungu na kashata, mimi nikamwagia risiti zangu pale mezani naanza kulia lia. Akaitazama ile ya Majengo sekunde tano hivi akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, nyumba hii ina ardhi au haina ardhi?"

Mama akajibu kabla yangu. Haina. Tunamlipa mwenye uwanja kila mwezi.

Mzee akaikunja ile risiti akanirudishia. "Basi hii reti ulilipa ya nani?"

Kwa wasiokuwa watu wa hapa labda nieleze. Mombasa tuna hii kitu ya nyumba bila ardhi, udongo ni wa mtu mmoja na nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine, utaikuta Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe, watu wamezaliwa wakazeeka hivo na kodi ya uwanja wanalipa kila mwezi. Sasa reti ni deni la ardhi. Anayedaiwa ni mwenye ardhi, ama mwenye lizi (mkataba wa kukodi ardhi) ya miaka mingi iliyosajiliwa, sio mwenye kuta na mabati. Kwa hiyo yule kijana wa tai alinitoza 9,000 ya deni ambalo hata lingekuwepo si langu, na mimi mtu nimesoma mpaka chuo nikalipa nikasema asante. Nilijiskia mjinga mpaka kahawa ikaniganda kooni. Mama alikuwa anaangalia dari.

Hapo mzee angeweza kunikamua pia, maana nilishajionesha jinsi nilivyo, lakini alisema Majengo weka kando, hiyo sina kazi nayo na usinilipe kitu, tuzungumze Kisauni. Nyota ya kwanza alipata hapo hapo.

Akaanza kunifundisha, na mzee akianza hasimami, hii nawaambia mapema, kama una haraka nenda siku nyingine. Alichukua daftari la shule akapiga mistari akasema hii ndo roli. Yeye anaita roli, wakubwa wanasema daftari la uthamini, na ndo mama wa kila kitu, bili yako, faini yako, klirensi yako (cheti cha kuonesha hudaiwi), vyote vinatoka humo. Sheria ile ya zamani ya uthamini, ya tangu 1956, ilitaja kabisa kinachoandikwa: kiwanja chenyewe na kiko wapi na kina ukubwa gani, jina la mwenye kudaiwa na anwani yake, thamani ya ardhi, thamani ya ardhi ingekuwa tupu bila kitu juu, na makadirio ya majengo kama yanatozwa. Basi. Watu wanadhani kuna jini huko ndani anayepanga bili, kumbe ni mstari mmoja kwenye daftari na mtu aliyeuandika.

Na kwenye hiyo ya ardhi tupu ndo nilishangaa. Sehemu nyingi za Kenya kwa miaka mingi reti imepigwa kwa thamani ya uwanja mtupu, ina maana mwenye ghorofa nne na mwenye banda la makuti wakiwa jirani, viwanja ukubwa mmoja thamani moja, wanalipa sawasawa. Nikasema haiwezekani. Akasema inawezekana, manake nia yake ilikuwa mtu asikalie ardhi ya mji bure akisubiri bei ipande, ajenge. Kuhesabu ni rahisi pia, kiwanja kwenye roli kikiandikwa milioni moja na bunge la kaunti likapitisha reti ya asilimia moja, unalipa 10,000 kwa mwaka. Mfano tu huo, msianze kunitumia meseji.

Sasa nikauliza lile swali ambalo kila mtu angeuliza. Hii roli anaandika nani, na analipwa nini, manake kama ni mstari mmoja tu mbona majina yako ovyo hivi?

Mzee akavua miwani. Hapa ndo paliponoga, na ndo sababu hasa naandika rivyu ndefu hivi badala ya kuweka nyota nikaenda zangu.

Wa kwanza ni mthamini. Huyo lazima awe amesajiliwa na bodi ya wathamini, awe wa serikali ama wa kampuni binafsi iliyopewa kazi kwa kandarasi. Anazunguka, anatazama mauzo ya ardhi mtaa ule na mtaa ule, anaweka bei, anatia sahihi na tarehe. Kama ni wa kandarasi basi analipwa kwa kazi nzima, akimaliza roli amemaliza, anaondoka. Roli ikiwa rasimu inawekwa wazi watu waikague, na kwa ile sheria ya zamani ulikuwa na siku 28 tangu tangazo litoke kupeleka pingamizi lako, kuna korti ya uthamini inakaa inasikiza. Mzee anasema miaka yake yote, siku za kukagua anaweza kuwahesabu watu waliokuja kwa vidole, na wengi ni mawakili wa mahoteli. Mwenye kiwanja futi hamsini kwa mia Mishomoroni hana habari. Atakuja miaka sita baadaye na bili mkononi akipiga meza.

Wa pili ni makarani, yaani yeye. Hawa ndo wanaohamisha roli iwe bili. Kiwanja kimegawanywa, kimeuzwa, mwenyewe amekufa, sanduku la posta limebadilika, wao ndo wanapaswa kufuata na kurekebisha, na mambo mapya yanatakiwa yaingie kwenye roli ya nyongeza. Hawa hawalipwi kwa mstari. Ni mshahara wa mwezi kwa jobgrupu yako, uandike majina kumi uandike mia, tarehe ikifika ni ule ule. Alivyosema: "Nikikosea herufi ya babu yako sikatwi, nikiipata sawa siongezwi." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayekuambia hali ya hewa.

Halafu akanieleza nani anapanga huo mshahara, mimi nilidhani gavana anakaa na kalamu. Kumbe Katiba ya 2010 kifungu cha 230 kimeweka tume ya mishahara, SRC, na kwa maafisa wa dola, gavana, naibu wake, mawaziri wa kaunti, MCA (mwakilishi wa wadi), tume ndo inaweka na kukagua marupurupu yao. Kwa karani inashauri tu. Anayemuajiri karani na kumpandisha cheo ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti yenyewe. Na juu ya yote hayo kuna kanuni za fedha za 2015 zinazosema mishahara na marupurupu ya kaunti isipite asilimia 35 ya mapato yake yote, kwa hiyo hata ukitaka kuajiri makarani ishirini wapya wasafishe roli yote, unaanza kuangalia hiyo asilimia na kaunti nyingi zinahangaika nayo tangu zianze.

Nikasema sasa si muwalipe kutoka kwa hizi reti tunazolipa, mtu akikusanya zaidi apate zaidi, kama wale wa matatu wanaopewa hesabu ya siku. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Pesa yako ya reti, akasema, hata ikiingia saa tatu asubuhi haiwezi kumnunulia karani chai ya saa nne. Inaingia kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, kifungu cha 207 cha Katiba, na kutoka humo ni lazima Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe. Kuna afisa ameteuliwa kwa maandishi na waziri wa fedha wa kaunti kupokea mapato na kuyatolea hesabu, na chini yake wakusanyaji, lakini hata yeye anapokea tu, hatumii. Ndo maana unaona kaunti inakusanya pesa na hapo hapo wafanyakazi wake wanalia mshahara umechelewa kwa sababu mgao kutoka Nairobi haujaja. Vitu viwili tofauti.

Na mambo ya kulipwa kwa kichwa alikataa kabisa. Ukinilipa kwa kila jina nitaandika majina, akasema, ukweli wa jina sitautafuta.

Hapo sikukubaliana naye yote na nilimwambia. Mimi naona mshahara usiobadilika pia una shida yake, manake kurekebisha roli si dharura ya mtu yeyote. Mwenye kiwanja harekebishi kwa sababu jina la marehemu halimuumi mpaka siku anataka kuuza. Karani harekebishi kwa sababu hakuna aliyekuja na karatasi. Waziri anaulizwa umekusanya ngapi, haulizwi majina mangapi ni ya watu walio hai. Mzee alinitazama kidogo akasema "unaweza kufanya kazi kaunti wewe", sijui ilikuwa sifa ama tusi.

Nina binamu yuko Columbus, Ohio, siku hiyo usiku nilimpigia nikamueleza, akaniambia kule kwao kazi hii inafanywa na auditor wa kaunti na huyo mtu anapigiwa kura kila miaka minne kabisa, kama MCA. Mshahara wake umeandikwa kwenye sheria ya jimbo kwa kufuata idadi ya watu wa kaunti, kaunti kubwa mshahara mkubwa. Na mali zote zinathaminiwa upya kila miaka sita, katikati mwaka wa tatu zinaguswa tena, na kule nyumba inahesabiwa pamoja na ardhi. Kama hukubali bei unaenda kwa bodi ya marekebisho. Niliporudi kwa mzee nikamsimulia kwa maringo kama mimi ndo nimetoka Ohio. Akafikiria, akasema basi huyo akipandisha thamani ya nyumba za watu mwaka wa uchaguzi, kura atapigiwa na nani? Sikuwa na jibu. Binamu naye hana, nilimuuliza.

Kila miaka sita lakini, jamani. Sheria yetu ya zamani ilisema roli mpya angalau kila miaka kumi, na ikaruhusu kuongeza muda, na wakaongeza kweli. Nairobi walikaa na roli ya mwanzo wa miaka ya 80 mpaka wakatengeneza ya 2019, na kwa vile bei za humo zilikuwa za kale walikuwa wanapiga reti ya asilimia 34 ili wapate kitu, halafu roli mpya ilipoanza kutumika ikashuka kuwa asilimia 0.115. Fikiria ukisikia tu "asilimia 34" bila kujua ni ya bei gani, utazimia. Mzee alitumia mfano huo kunionesha kwamba asilimia haikuambii kitu kama hujaona thamani, na thamani haikuambii kitu kama hujaona mwaka. Mwisho wa 2024 kukaja sheria mpya ya kitaifa ya reti ikaziondoa zile mbili za zamani, ya uthamini na ya reti, yeye ameichapisha yote na kuipigia mistari kwa kalamu nyekundu, mstaafu mzima, kwa pesa yake.

Basi kazi yenyewe ilikwenda hivi. Alitaka kopi ya hati, kitambulisho cha mama, cheti cha kifo cha babu na cha baba. Akaandika barua ya kuomba dondoo ya kiwanja chetu kwenye roli na mtiririko wa malipo, akataja Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ambayo inampa afisa siku 21 kujibu, akanifundisha niende na kopi mbili, moja wabaki nayo na moja igongwe muhuri wa kupokelewa nirudi nayo. "Barua isiyo na muhuri ni hadithi," akasema. Nikaenda mwenyewe, yeye haendi na mtu, anasema akienda yeye watadhani amekuja kuomba kazi tena. Kaunta nilipokelewa vizuri tu na dada mmoja mpole, foleni ilikuwepo lakini ilitembea, barua ikagongwa muhuri, siku ya kumi na sita simu ikaja niende nikachukue majibu.

Tulipoifungua pale kwa mzee mama ndiye aliyeona kwanza. Jina ni la babu, sio la baba, na limepungua herufi moja. Na anwani ni sanduku la posta la kampuni aliyokuwa akifanyia kazi babu bandarini, kampuni ilishafungwa mimi sijazaliwa. Yaani bili zimetumwa huko miaka na miaka. Nikaanza kupandwa na hasira, nikataka kujua karani gani huyu. Mzee akanikata hapo hapo, na hapa alikuwa mkali kidogo: babu alikufa lini? Nikasema 1994. Nani alikwenda kuandikisha? Kimya. Baba yako alipokufa nani alikwenda? Kimya tena. "Karani haoti, mwanangu." Mama akainama akasema kweli, kweli.

Deni lenyewe halikuwa kubwa, faini ndo ilikuwa imefura kuliko deni. Faini hiyo haisimami ukilala. Mzee akasema tulipe asili ya deni kwanza, kwa njia rasmi ya simu tu, asipewe mtu pesa mkononi hata awe amevaa joho, na risiti tuihakiki siku hiyo hiyo kabla hatujatoka mjini. Ile ya faini akatuandikia barua ya kuomba isamehewe, manake sheria ya fedha za umma inampa waziri wa fedha wa kaunti nafasi ya kusamehe kwa utaratibu, na kaunti hutangaza misamaha ya faini mara kwa mara, sasa ukiwa na barua yako ndani mapema unangoja tu tangazo. Yetu bado tunangoja, nikipata jibu nitaongeza hapa chini.

Jina hawezi kulibadilisha mtu kaunta, hiyo nayo niliambiwa wazi kabla sijalipa hata shilingi. Mpaka mirathi ipite, sisi ni Waislamu kwa hiyo ni kwa Kadhi, babu kwanza halafu baba, halafu ardhi isajiliwe, ndo roli ifuate. Mzee hiyo kazi haishiki. Yule kijana wa tai angesema "tutapanga". Mzee alisema "hiyo si yangu", akaandika kwenye karatasi orodha ya nyaraka za kubeba, akampa mama. Anwani ndo tumeweza kubadilisha sai, bili inayokuja itakuja kwa sanduku letu.

Na kitu kingine kidogo watu huchanganya, hata mimi nilichanganya, kodi ya ardhi ya serikali kuu ni deni lingine, hilo ni la wenye lizi na linalipwa huko kwa wizara, sio kaunti. Ukiambiwa "umemaliza ya ardhi" uliza ipi.

Sasa ile nyota ya tano.

Kwanza muda. Anafungua saa tatu, adhuhuri anafunga, anarudi anapojisikia, mara saa nane mara saa kumi kasoro, Ijumaa usijisumbue kabisa mchana. Nilikaa uchochoroni siku moja saa nzima na nusu na jua lile la Februari, mpaka muuza kahawa akanionea huruma akanipa kigoda.

Pili bei haijulikani. Mimi 1,500, jirani yangu kazi karibu sawa ameambiwa 1,000, rafiki wa kazini 2,000. Ukimuuliza anasema inategemea barua ngapi. Ingekuwa vizuri aandike tu ukutani, na itamsaidia yeye mwenyewe manake watu wa huku tukiona bei haijaandikwa tunaanza kudhani mambo. Risiti anatoa lakini, kitabu kile cha kabonkopi, hilo nampa.

Tatu anaandika kwa mkono. Hati yake ni nzuri, wenye umri wake walifundishwa kuandika, lakini ikibidi ichapwe unapelekwa saiba ya jirani na unalipa wewe, na saiba ile waliandika namba ya kiwanja vibaya mara mbili, wakaacha ile MN ya mwisho (Mainland North, yaani bara ya kaskazini). Mzee alikasirika kuliko mimi. Bila hiyo MN kiwanja hakijulikani ni cha bara upande gani, kaskazini au kusini, unaweza ukajikuta unalipia mtu wa Likoni. Kwa hiyo soma mwenyewe kila tarakimu kabla hujapeleka, usimwachie yeye, macho yake si ya zamani.

Na anaongea. Nimeshasema lakini narudia. Ukitaka tu fomu ijazwe uondoke utaona dunia ndefu, itabidi usikie kwanza roli ilivyokuwa ikiandikwa kwa wino, kitabu kikubwa cha watu wawili kukibeba, na mkubwa wao aliyekuwa akipima mstari kwa rula, ukitoka nje ya kisanduku unaandika ukurasa wote upya. Mimi nilipenda, mama alilala.

Ukienda beba kopi za vyeti vyote hata usivyodhani vinahitajika, mashine yake inakula karatasi. Beba na kashata, ya nazi, za karanga hazitaki kwa sababu ya meno. Na kama nyumba yenu haina ardhi mwambie mlangoni kabla hujakaa, atakurudisha nyumbani bure.